Kiti cha Safu ya Kati

Jumapili, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa wala aliyefungwa. Naandika kwa sababu simu ya nyumba hiyo haina siri. Nikipiga, Mama anataka iwekwe spika. Nikituma ujumbe, wale pacha wa jirani wanamsomea kwa sauti kama taarifa ya habari. Jambo lenyewe sitaki alisikie sasa hivi, kwa hiyo nimempa barua yule bwana wa vifurushi pale kituo cha mabasi, akukabidhi wewe mkononi.

Nataka kumchukua Mama aje akae kwangu.

Tangu avunjike nyonga umembeba peke yako, na mimi nimekuwa mtoto wa simu tu, Mama hajambo, mpe salamu zake, basi. Naona aibu, nakwambia kweli. Nimezungumza na wifi yako na amekubali bila kununa. Kitinda mimba atahamia chumba cha dada zake, Mama atapata chumba chenye dirisha. Kilichobaki ni gari. Hiki kigari chetu tukiingia sote watano, kifungua mimba anakunja magoti mpaka yanagusa kidevu. Mama na nyonga yake hawezi kusafiri humo siku nzima, na akishafika huku kutakuwa na hospitali kila mara. Nimeshakiuza kigari, nataka gari la familia lenye safu tatu za viti.

Yadi nzuri ziko huko kwenu. Naomba uende ukakae ndani ya magari. Injini niachie mimi na fundi wangu, wewe kaa tu. Umbo lako na la Mama ni moja, ndiyo maana marehemu Baba aliwaita Sufuria na Mfuniko. Halafu wewe ni fundi makochi, kiti kikikudanganya wewe basi kimedanganya dunia nzima. Angalia kama atapanda bila kubebwa. Angalia kama mgongo wa kiti unalala, kama mguu unanyooka, na mkongojo wake utakaa wapi.

Mama usimwambie bado. Ukimwambia, ama atafunga mizigo leo, ama atakataa mpaka siku ya kiama.

Naishia hapa, miguu inanidai. Wiki nzima nimesoma mita za maji mtaa wa mlimani, na mlimani hakuna anayeweka mita karibu na geti.

Mdogo wako,
Bwana Mita


Jumatano, 14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, na bwana wa vifurushi kaniuliza mara mbili kama kuna msiba. Nimemwambia ni mambo ya familia. Hajaridhika, lakini hilo ni lake.

Jumamosi nilimwacha Mama na Mama Pacha nikaenda yadi. Nilimwambia Mama naenda kununua vitambaa. Muuzaji ni jitu la watu, mabega kama mlango wa ghala, lakini akiongea unasikia kasauti ka mtoto aliyeamka. Nimempa jina la Mpole. Nikamweleza kwamba sinunui, nakalia tu kwa niaba ya mtu mwingine. Hakucheka. Akanifungulia mlango na kwenda zake.

Nimekalia lile jeupe refu, linang'aa mpaka unajiona kwenye milango, nikaliita Bi Harusi. Viti ni rangi ya maziwa, ngozi ya bandia. Ukikaa unazama, na dakika ya kwanza unaona umefika peponi. Lakini mimi sponji naijua. Sponji laini namna ile ni mnafiki, asubuhi inakukumbatia, mchana inakuacha umekalia ubao. Safari ya siku nzima Mama atafika amepinda. Ile ngozi nayo inatoa jasho. Tena gari lenyewe liko chini. Nikikaa goti linakuwa juu kuliko nyonga, na kutoka ilibidi nishike mlango kwa mikono miwili. Safu ya nyuma ni ya mabegi na ya watoto wasio na magoti.

Nilifunga mlango nione kama kelele za barabara zinaingia. Haziingii. Nilisahau kama duniani kuna honi. Nikakaa kidogo kuhakikisha.

Mama hajambo wa mchana. Wa usiku ni mwingine. Ananiita nimgeuze, nimpe maji, nikaangalie geti kama limefungwa, halafu nikaangalie tena. Asubuhi ananiuliza mbona macho mekundu, nimelia? Silalamiki, nakueleza tu ujue unachokiomba.

Jumamosi ijayo nitaenda tena.

Ni mimi,
Dada yako


Jumapili, 25 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mezani, wifi yako akacheka mpaka akaacha kula kwa hiyo sponji mnafiki. Basi Bi Harusi tumuache aolewe na wengine.

Nakuomba uangalie yale marefu ya kwenda juu, yenye mlango wa kusukuma pembeni. Jirani yangu hapa analo moja, anasema mzazi wake anaingia amesimama karibu wima. Safu ya kati ndiyo ya Mama, usihangaike sana na ya nyuma. Hesabu yetu ni hii: mimi, wifi yako, watoto watatu, Mama. Viti sita. Tukipata cha saba ni bahati, tutalaza mkongojo.

Nimeanza kupaka rangi chumba. Rangi ya maji ya kunde, ile aliyoipenda sebuleni. Narudi kazini nimechoka hoi, lakini nikishika brashi nasikia nafuu kidogo, naona kama na mimi nafanya kitu.

Habari za macho nimeziona. Vumilia, dada, kidogo tu.

Mdogo wako,
Bwana Mita


Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hilo gari refu lipo, la kijivu, limesimama kona ya mwisho ya yadi kama kabati lililokosa ukuta. Jina lake ni Kabati basi.

Nikueleze vizuri. Mlango unasukuma kwa kidole. Kuna kikanyagio chini na mpini wa kushika juu, nikapanda bila kuinama. Safu ya kati haina benchi kama Bi Harusi. Ina viti viwili vilivyoachana, kila kimoja na mikono yake kama kochi la mtu mmoja, na katikati kuna nafasi ya mtu kupita. Kimoja kiko upande wa mlango, kingine dirishani. Mama ndiye wa mlangoni. Kitambaa ni kigumu kidogo, kile kisichoshika vumbi, ningekuwa mimi ndiye nimekishona ningejisifu. Sponji imebana. Haikukumbatii ila inakubeba, na kazi ya kiti ni hiyo. Ukivuta kijiti cha ubavuni mgongo unashuka taratibu, taratibu, mpaka karibu ulale. Na chini ya magoti kuna kipande kinachopanda kushika miguu. Mwanzo nilidhani kimevunjika.

Nyuma yake bado kuna safu nyingine na mtu mzima anaenea, kichwa hakigongi. Ukiikunja, buti linameza kitanda.

Ila kuna kasoro. Kile kiti cha mlangoni nahisi sponji yake upande wa kushoto imekaa ngumu kuliko kulia. Sina hakika. Tena nyonga ya Mama ni ya kushoto. Ningependa nikikalie tena Jumamosi nyingine, na nikalie na kile cha dirishani nilinganishe. Pia kuna la kijani, fupi, mgongo wa kobe, safu mbili, lina buti kubwa. Tusiharakishe. Mwenda pole hajikwai.

Mama jana kaniita kwa jina lako. Nikaitika.

Dada yako


Jumapili, 17 Machi

Dada,

Shikamoo. Sasa nakuuliza kwa heshima zote. Kobe lina safu mbili. Tuko sita. Mmoja akae juu ya paa?

Na hiyo sponji ya kushoto, ikiwa ngumu si unaibomoa na kuishona upya mwenyewe? Kazi yako si ndiyo hiyo? Kabati ulivyolieleza ndilo gari nililokuwa naliota, nilitaka niandike "nunua" nikitoka tu kusoma, nikafika chini nikakuta kasoro. Wifi yako kasema labda dada hataki Mama aondoke. Nikamwambia siyo, dada si mtu wa hivyo. Lakini nimebaki nalo moyoni.

Jumamosi nilipiga simu. Akapokea Mama Pacha, spika kama kawaida. Mama akasema umeenda kununua vitambaa. Akasema siku hizi unanunua vitambaa sana na hakuna kochi linalotoka. Aliongea kwa unyonge, siyo Mama ninayemjua, hata kunigombeza hakunigombeza. Kuna nini?

Chumba kimekauka. Tafadhali amua.

Mdogo wako


Jumapili, 24 Machi

Mdogo wangu,

Mama ni mzima. Umri tu.

Juzi mvua ilinyesha nikiwa ndani ya Kabati. Halivuji. Mvua ikigonga lile bati la juu inasikika kwa mbali, kama inanyeshea nyumba ya watu wengine. Kiti cha dirishani kiko sawa na cha mlangoni, nadhani. Safu ya nyuma sijaimaliza.

Nipe Jumamosi moja zaidi. Moja tu, halafu nitakwambia nunua au acha.

Dada yako


Jumapili, 31 Machi

Dada,

Barua hii naandika kwa uzito, na ingekuwa hiari yangu nisingeiandika.

Yule bwana wa vifurushi alikuja na basi lake juzi, akaniita pembeni. Anasema huko kituoni kwenu habari zimeenea. Kila Jumamosi dada yangu anaingia yadi ya magari mchana, anajifungia kwenye gari la kona, mapazia yanashushwa, na hatoki mpaka jua linapinda. Na muuzaji anazungukazunguka hapo akifukuza watu. Nikamwambia atakuwa amefananisha. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyempelekea barua zako kwa mkono huu, namjua."

Wewe ni mtu mzima, mjane, maisha ni yako. Ungenieleza kwamba una mtu ningefurahi, wallahi. Lakini umemfanya Mama kisingizio. Mimi huku napaka rangi chumba, nasubiri sponji ya kushoto, kumbe huko Mama ameachwa na jirani ili wewe ukae na huyo Mpole wako. Lisemwalo lipo, dada. Na Mama kanyong'onyea, nimesikia kwa masikio yangu.

Niambie ukweli. Gari nitanunua kwa mtu mwingine.

Mdogo wako


Jumatano, 3 Aprili

Wewe,

Umenitukana, na bwana wa vifurushi amekusaidia kupanga maneno. Nimeisoma barua yako jikoni nimesimama. Nilitaka kuichana, nikasema hapana, atajibiwa.

Ndiyo, najifungia ndani ya Kabati. Ndiyo, nashusha mapazia. Nalala. Nalala usingizi, peke yangu, mdomo wazi, mate yananitoka. Ile Jumamosi ya kwanza, kwenye Bi Harusi, nilifunga mlango nisikilize kelele kama nilivyokuandikia, na nilipofumbua macho kivuli cha gari kilikuwa kimehamia upande wa pili. Mpole hakuniamsha. Nilitoka nimejawa aibu, nikitamani ardhi ipasuke, naye akaniambia kwa kale kasauti kake, "Karibu tena, mama. Gari halina haraka." Nikaenda tena. Siku niliyokaa kwenye kile kiti cha Kabati, nikavuta kijiti, miguu ikapanda, nililia kwanza. Halafu nikalala kama mtoto.

Sponji ya kushoto haina kitu. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kukalia. Nilijua siku ileile. Lakini ningekwambia nunua, ungenunua, na Jumamosi zangu zingekwisha. Ndiyo sababu ya Kobe. Ndiyo sababu ya yote.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu. Unauona unaelea. Tangu nyonga ile ivunjike sijalala usiku mzima hata mara moja. Mchana nashona makochi ya watu walale, na kila kochi nikilimaliza natamani nijilaze hapo nisiamke. Mwezi uliopita, usiku mmoja, aliniita niangalie geti kwa mara ya sijui ngapi, nikampigia kelele. Nilimwambia, "Mama, utaniua." Mama yangu mzazi. Aliniangalia tu, akavuta shuka.

Tangu siku hiyo haniiti. Ndiyo huo unyonge ulioupata kwenye simu. Anaamka, namsikia anavyojigeuza mwenyewe akibana pumzi kwa maumivu ili nisisikie. Na mimi ukuta wa pili nimekodoa macho namsikiliza asivyoniita. Hakuna anayelala humu ndani. Heri aliponiita.

Na jingine nilimeze mpaka lini? Natamani umchukue. Nikisoma barua zako kuhusu rangi ya chumba moyo unaruka kwa furaha, halafu nauonea haya. Halafu nafika kwenye hesabu yako ya viti. Wewe, wifi, watoto watatu, Mama. Cha saba ukaupa mkongojo. Mimi sikusema niondoke huku, kazi yangu iko huku na nyumba ya Baba iko huku. Lakini ungeuliza. Hata kwa kukosea ungeuliza, dada wewe utakaa wapi.

Nunua Kabati. Ndilo hilo.

Dada yako


Jumanne, 9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nimeandika mwanzo wa barua hii nikauchana, nikaandika tena, na kila nikiandika nakuta najitetea. Basi sijitetei. Nisamehe.

Barua yako nilimpa wifi yako asome. Aliisoma amekaa ukingoni mwa kitanda, akanyamaza, akaniambia nijifunze kunyamaza na mimi kabla ya kuandika. Yule bwana wa vifurushi nimemwambia yangu. Atakuletea barua hii bila neno.

Nimempigia Mpole simu. Ni kweli ana kasauti. Nilimwambia mimi ni ndugu wa yule mama anayelala, akaniomba msamaha yeye. Kumbe kila Jumamosi ukishashusha mapazia alikuwa anaweka kibao kwenye kioo cha mbele, LIMEUZWA, ili wateja wasije wakafungua mlango. Ameshawarudisha watu watatu waliolitaka gari lile. Nikamuuliza kwa nini amejitia hasara namna hiyo. Akajibu kwamba aliwahi kuuguza mke wake. Gari nimelilipia.

Nakuja na basi mwenyewe Jumamosi ya tarehe ishirini, na Jumapili tunaondoka na Kabati sote watatu. Mama nitamwambia mimi, tena kwenye spika, kesho jioni. Akikataa akatae mbele ya jirani zake.

Viti nimevipanga upya. Mama mlangoni, kwenye kiti chake. Mkongojo safu ya nyuma, huko ukalale wenyewe. Cha dirishani ni chako. Ukipanda tu vuta kijiti. Kuanzia nitakapowasha gari Mama ni wangu. Akitaka maji nasimama mimi, akitaka kugeuzwa nasimama mimi, akiuliza geti nitarudi na gari nikaliangalie. Ukae nasi huku utakavyo, wiki, mwezi, na siku ukitaka kurudi kwa makochi yako utarudi. Chumba cha Mama nimekiwekea kitanda cha pili. Nilipaswa kukiwaza tangu mwanzo.

Mdogo wako


Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu,

Nimefika salama jana. Nyumba ya Baba iko palepale, ufunguo umegoma kidogo, Mama Pacha kaniletea chakula na maswali. Nimemjibu nusu.

Nakuandikia barua ingawa sasa hakuna wa kumficha. Nimezoea. Tena kuna mambo ukiyasema kwa mdomo yanakwama.

Ile safari sikuiona. Watu wananiuliza njia ilikuwaje, milima, madaraja, nami sina cha kuwaambia. Nakumbuka umewasha gari, Mama akalalamika kuhusu pazia, nikavuta kijiti. Mama anasema nilikoroma mpaka wewe ukadhani ni gia. Alivyokuwa anawahadithia wanao nilimtazama, mdomo umemrudia wote, nikajua amepona kitu ambacho si nyonga.

Lakini mara moja niliamka, sikukwambia. Sijui tulikuwa wapi, ulikuwa umekanyaga mafuta kwenye barabara mbaya. Sikufumbua macho. Nilisikia mkono wake unatafuta wangu pale katikati ya viti, ukaushika. Akakwambia, "Punguza mwendo. Mwanangu hajalala siku nyingi." Alikuwa anajua, mdogo wangu. Wiki zote zile za ukimya wake, alikuwa anajitahidi nilale. Niliacha macho yamefumba hivyohivyo nisije nikalia nikamharibia.

Sasa nimepata nilichokitaka. Nyumba kimya, inzi akiruka unamsikia. Jana nililala kitandani kwangu, shuka safi, hakuna wa kuniita. Sikulala. Nimeamka nimeangalia geti. Limefungwa. Nikaangalia tena.

Wifi yangu amenipigia, kaniambia umeanza kusinzia kwenye mita za watu, na juzi umesoma mita ya jirani ukaandika ya hapo. Karibu chamani. Nimepita kwa Mpole kumshukuru, akanipa kile kibao, nimekiambatisha humu. Jumamosi mchana ukiona umezidiwa, mwachie wifi Mama, ingia Kabati, kaa kiti cha dirishani. Weka kibao kwenye kioo. Wanao wakikutafuta watasoma.

Na mimi nina ombi. Jioni ukishamlaza Mama, nipigie. Weka spika, iache simu kwenye kimeza chake, usiseme kitu. Na mimi nitaweka spika huku, niilaze kwenye mto. Nataka kumsikia akiita.

Akiita, itika wewe.

Ni mimi,
Dada yako